Furaha Iliyochelewa Siku Moja

Nchi ya Vifijo huwezi kuikuta kwenye ramani, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ukisoma habari zake ukaona zinafanana na za nchi unayoijua, basi iulizwe hiyo nchi unayoijua, si mimi. Mimi kazi yangu ni kusimulia, na ninasimulia kwa heshima zote, maana Vifijo ni nchi njema yenye serikali sikivu na wizara mbili tu: Wizara ya Ulinzi na Wizara ya Pongezi. Wizara ya Ulinzi ndiyo ndogo.

Kila mtu wa Vifijo ana simu, na kila simu ina Jamvi. Jamvi ni uwanja wa mtandaoni ambako raia hutandika habari zao njema, na wenzao wakipita hubonyeza kitufe cha Hongera. Zamani vitufe vilikuwa viwili, Hongera na Pole. Kisha Rais akashikwa na mafua ya siku tatu, akapata pole milioni moja na laki mbili, akaona kwamba pole nyingi kiasi hicho kwa mafua tu ni dalili ya watu kuwa na jambo wanalolitarajia. Kitufe cha Pole kikafutwa kesho yake. Tangu hapo mtu wa Vifijo akifiwa hutandika msiba wake, na wenzake humpa Hongera, wao wakijua moyoni wanachomaanisha, naye akijua moyoni anachopokea. Watu wamezoea.

Msimu mkubwa wa Jamvi ni mwezi wa barua za vyuo. Barua hazipelekwi kwa mtoto, kwa sababu mtoto atazifanyia nini? Hupelekwa kwa mzazi. Mwezi huo baba ambaye hata hajui mwanawe alikuwa kidato gani humshika bega mbele ya simu na kutabasamu. Mama huandika, "Haikuwa rahisi kwetu," na kwa kweli haikuwa rahisi, maana mtihani aliufanya mtoto peke yake. Walezi, wajomba na mashangazi wa mbali hugombana nani atandike kwanza.

Serikali ilipoona raia wanalipenda jambo hili, ikalitungia sheria, kama ilivyo desturi yake kwa kila wanachokipenda raia. Sheria ya Furaha ya Umma inasema kwamba nafasi ya chuo haithibitishwi na chuo, bali na furaha ya mzazi. Mzazi akipokea barua, aitandike Jamvini ndani ya siku saba. Asipotandika, atahesabiwa kuwa hakufurahi. Na nafasi isiyofurahiwa atapewa mtoto wa mzazi mwenye furaha ya akiba.

*

Siwema alikuwa dobi katika hospitali ya wilaya. Kwa miaka kumi na tisa alifua mashuka ya wagonjwa na kuyapiga pasi, na bintiye Tunu alikulia hapo hapo, juu ya marobota ya mashuka, akisoma kila karatasi iliyosahaulika mfukoni mwa koti la daktari. Akiwa na miaka saba alijua majina ya dawa kuliko majina ya wajomba zake. Mtihani wa mwisho ulipotoka, Tunu alikuwa wa kwanza wilayani, na barua ikaja: amechaguliwa kusomea udaktari.

Siwema aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia chini ya godoro.

"Mama," Tunu alisema, "si tunaitandika?"

"Tutaitandika. Acha itulie kwanza."

Usimcheke. Kabla ya Tunu, Siwema alipata mimba mbili. Ya kwanza aliitangaza mtaa mzima siku alipoijua, na haikufika mwezi wa nne. Ya pili aliwaambia mashoga zake watatu tu, na nayo ikaenda njia ile ile. Bibi yake akamkalisha, akamwambia kwamba kizuri hakitangazwi kabla hakijatua, dunia ina macho. Mimba ya Tunu aliificha ndani ya madera mapana mpaka mtoto alipolia mwenyewe. Hata baada ya kulia, akamweka ndani siku saba kamili bila kumtoa nje, kama wanavyofanya watu wa kwao, na siku ya nane asubuhi ndipo alipomtoa barazani, jua likamwona. Mtoto akakua. Siwema hakuhitaji ushahidi mwingine.

Kwa hiyo barua nayo akaipa siku zake saba. Sheria aliijua, na ilimfurahisha. Aliona serikali safari hii imetumia akili za wazee: nayo imesema siku saba! Akazihesabu kama bibi yake alivyohesabu: saba za kukaa ndani, ya nane ya kutoka.

Siku ya tano Tunu alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, watu wote wameshatandika. Nakuomba."

"Watu wote hawajazika nilichozika mimi," Siwema alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya nane alfajiri alioga, akavaa kanga mpya, akamsimamisha Tunu barazani na barua mkononi, akapiga picha. Akaandika, "Mwanangu Tunu atakuwa daktari," akatandika. Jamvi likafikiri kidogo, kisha likajibu: *Furaha yako imechelewa siku moja. Nafasi imekwisha kupata mwenyewe. Hongera.*

*

Mwenyewe alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta.

Mama Johari alikuwa mwanamke mchangamfu, asiyejua kukaa na habari njema hata ikiwa haijatokea. Mwanawe Johari alipoingia darasa la nne, yeye alitandika, "Daktari wetu mtarajiwa!" na kila Januari akatandika upya, kwa picha mpya na kipimo kile kile cha daktari, cha kuchezea, shingoni mwa mtoto. Johari mwenyewe hesabu zilimshinda, sayansi hakuitazama mara mbili. Kipaji chake kilikuwa kusuka nywele, na kwa kazi hiyo mtaa mzima hakuwa na mpinzani. Lakini kwenye daftari za Wizara ilionekana kwamba mzazi huyu amefurahia udaktari wa mwanawe miaka minane mfululizo. Furaha ya akiba iliyozidi hiyo haikuwapo nchini. Nafasi ya Tunu ilipobaki bila mwenyewe jua la siku ya saba likizama, mashine ilitafuta, ikampata Johari, ikamaliza kazi yake kabla ya adhana.

Siwema alipopiga hodi mchana ule, Mama Johari alifungua akiwa ameshalia.

"Mama Tunu, dada yangu, wallahi mimi nilikuwa natandika tu kama watu wanavyotandika," alisema. "Nani alijua kwamba wangeniamini?"

"Basi kawaambie si kweli."

"Nimekwenda asubuhi hii! Nimewaambia mwanangu akiona damu anazimia. Wameniambia furaha iliyokwisha tangazwa haitanguliwi, na niking'ang'ania kuifuta, ni kuidhalilisha furaha ya umma, miezi sita ndani. Mama Tunu, nina watoto wengine."

Nyuma yake Johari alikuwa amekaa kwenye mkeka na kitana kichwani, akimtazama Siwema kwa macho ya mtu aliyehukumiwa. Siwema alikuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima ya hatua kumi. Akageuka akarudi nayo kwake.

*

Wizara ya Pongezi ina ghorofa ishirini na moja, na lifti inayowapongeza abiria kila ikifika ghorofa. Dirisha la malalamiko halipo. Lililopo ni Dirisha la Shukrani Zilizokosewa, na nyuma yake alikaa Bwana Zumbe, Msajili Msaidizi wa Furaha, mtu mpole mwenye mihuri minne na kikombe cha chai.

"Mama yangu, karibu sana, na hongera kwa kufika," alisema. "Wengi huishia kwenye lifti."

Siwema alimweleza. Bwana Zumbe alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa pale hasa panapostahili kutikisa.

"Kwa hiyo barua uliipata."

"Niliipata."

"Na ulifurahi?"

"Baba, nilifurahi mpaka nikaogopa."

"Hapo ndipo penye shida, mama. Ulifurahi ukiwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Moyoni."

Bwana Zumbe alipumua kwa huruma. "Moyoni," alirudia, akaliandika neno hilo kwenye fomu na kulipigia mstari. "Mama yangu, Serikali haiwezi kuhesabu ya moyoni. Imejaribu. Tulikuwa na idara nzima ya moyoni, ikafungwa kwa kukosa takwimu. Furaha isiyohesabika itatofautianaje na huzuni? Naomba unijibu kama raia mwenzangu."

"Nilidhani siku saba ni za kukaa ndani," Siwema alisema. "Kama za mtoto."

"Ni kosa zuri sana. Sijawahi kulisikia. Nitalipeleka juu lipongezwe." Akagonga muhuri. "Ila usikate tamaa, rufaa ipo. Tandika malalamiko yako Jamvini, na wananchi elfu kumi wakikuunga mkono, Mheshimiwa Waziri mwenyewe atalitazama jambo lako. Serikali yetu ni sikivu."

"Watu elfu kumi nitawapata wapi? Mimi ni dobi."

"Watu ni wema, mama," alisema Bwana Zumbe, na kwa mara ya kwanza alionekana anasema analoliamini.

*

Siwema na Tunu waliandika rufaa mezani jioni ile, Siwema akitamka na Tunu akiandika. Haikuwa ndefu. Ilisema: *Binti yangu Tunu alikuwa wa kwanza wilayani. Nilichelewa kutangaza siku moja kwa sababu niliogopa. Nafasi yake amepewa mwingine asiyeitaka. Mimi mama yake nimekosa, yeye hakukosa. Naomba arudishiwe.*

"Ongeza neno la kuwasifu," Siwema alisema.

"Inatosha, mama. Ukiwasifu wataona tumefurahi."

Waliitandika. Mpaka saa moja usiku ilikuwa na Hongera mia tatu. Kesho yake mchana, elfu sita. Watu waliisoma wakiwa kazini, wakiwa sokoni, wakalia, wakatafuta kitufe cha kubonyeza, na kitufe kilikuwa kimoja. Mama Johari alibonyeza. Madaktari wa hospitali ya wilaya walibonyeza, na wagonjwa wenye nguvu pia. Siku ya nne zilikuwa elfu arobaini na tatu, na hakuna habari yoyote msimu ule iliyopata nusu yake, hata ya mtoto wa Waziri aliyechaguliwa vyuo sita bila kuomba.

Tunu alianza kula tena. Siwema alimwona akitoa madaftari yake ya biolojia na kuyapangusa vumbi. Akaanza hata yeye kuamini, akamwomba msamaha Mungu kwa kuamini mapema.

Siku ya tano ikaja barua yenye nembo ya dhahabu. Iliandikwa hivi: *Wizara imepokea kwa heshima kubwa habari yako. Wananchi elfu arobaini na tatu wamekupongeza kwa kupoteza nafasi hiyo. Haijapata kutokea nchini mzazi kupoteza kwa kiwango hiki. Unaalikwa Uwanja wa Taifa, Jumamosi, kutunukiwa.*

Siwema aliisoma mara tatu. Kisha akampa Tunu, maana hakujua namna ya kuitamka.

"Si unaona walivyofahamu," Tunu alisema taratibu. "Wamehesabu."

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuja kwa hiari, na orodha ya waliokuja kwa hiari iliitwa langoni asubuhi. Siwema alivalishwa joho, akaketishwa jukwaani. Tunu aliwekwa mstari wa mbele.

Waziri wa Pongezi, Mheshimiwa Makofi, alizungumza saa moja na dakika kumi, na nitakunukulia kidogo tu, kwa kuwa nampenda msomaji.

"Ndugu wananchi! Kuna wazazi wanaofurahi kwa kuwa watoto wao wamepata. Hao ni wengi, na tunawavumilia. Lakini ni nani amewahi kufurahi kwa kukosa? Tazameni mama huyu! Wengine wanatuomba nafasi. Yeye ametuachia! Wengine wanauliza vyuo vitaongezwa lini, madaktari wataongezwa lini. Yeye ameonyesha kwamba nchi inaweza kupunguziwa daktari mmoja na watu elfu arobaini na tatu wakashangilia! Serikali imejifunza. Mwakani tutapunguza zaidi!"

Vigelegele vikapaa. Kisha akapewa Siwema kipaza sauti, kwa sababu ratiba ilisema, *Neno la shukrani, dakika mbili.*

Siwema alikuwa hajawahi kushika kipaza sauti. Alikishika kwa mikono yote miwili.

"Mimi sikufurahi," alisema.

Sauti yake ilizunguka uwanja ikarudi. Akaona mahali pa kupita.

"Mwanangu amefaulu. Yule pale. Nafasi ni yake, mmempa mtu mwingine ambaye naye analia nyumbani. Nimeomba irudishwe, mkaninunulia joho. Sitaki joho. Mwanangu hasomi! Mnanisikia? Hasomi!"

Hapo uwanja uliinuka. Watu walipiga makofi mpaka wengine wakatokwa na machozi, na wanawake wa jukwaa la mashariki wakavua mitandio wakaipunga. Walimsikia, nakuhakikishia. Kila mmoja alimsikia barabara, na kila mmoja alikuwa na la kwake lililomkaa kooni. Ila njia ya kulitoa walibakiwa nayo moja, wakaitumia kwa nguvu zao zote. Siwema alizidi kupaza sauti, nao wakazidi kupiga makofi. Waziri aliinama karibu na kipaza sauti, akasema, "Unyenyekevu wa ajabu."

Siwema alimtafuta Tunu kwa macho. Tunu alikuwa amekaa, mikono magotini, peke yake aliyekaa katika mstari mzima. Mwongoza wageni alimwinamia sikioni, akamwambia jambo fupi. Tunu alisimama. Akapiga makofi kwa kipimo, si haraka si polepole, akimtazama mama yake usoni, mpaka Siwema mwenyewe akashusha kipaza sauti.

Tuzo zilikuwa mbili. Ya mama ilikuwa cheti. Ya binti ilikuwa ajira, kwa kuwa Serikali haimwachi mtu mkono mtupu: Mpongezi Daraja la Tatu, Wizara ya Pongezi, ghorofa ya kumi na nne.

*

Kazi ya Mpongezi ni kazi ya kukaa. Kuna raia ambao habari zao Jamvini hukosa Hongera za kutosha, na jambo hilo huleta taswira mbaya kwa wageni. Kwa hiyo Wizara ina wapongezi mia sita wanaopewa kila asubuhi orodha ya habari zilizopungukiwa, nao huzibonyeza moja baada ya moja mpaka kila habari ifikishe Hongera mia mbili. Kiwango cha siku ni habari mia nane. Daraja la Tatu hawaruhusiwi kusoma, wanaosoma ni Daraja la Kwanza.

Tunu aliripoti Jumatatu. Aliaga kwa adabu, akachukua mkoba, akaacha madaftari yake ya biolojia mezani. Usiku, Tunu alipokwisha kurudi na kulala, Siwema aliyakuta kwenye pipa la takataka, akayatoa, akayafuta, akayaweka kabatini kwake.

Sheria ya Furaha ya Umma inahusu ajira pia. Siwema hakungoja siku saba. Hakungoja hata chai ipoe. Siku ya pili ya kazi, saa nne asubuhi, alitandika picha ya Tunu akiwa na kitambulisho kifuani, macho yakitazama pembeni, akaandika chini yake, "Mwanangu Tunu amepata kazi Wizarani. Haikuwa rahisi kwetu." Aliyaandika maneno hayo bila kuyafikiria, kama walivyoyaandika wazazi wengine, akashangaa yalivyokuja tayari. Aliogopa asipoandika vizuri watamnyang'anya na hiki.

Hongera zilikuja chache. Watu walishahamia kwingine. Mama Johari alitoa ya kwanza, kutoka kwenye foleni ya kununua koti jeupe. Madobi wenzake walitoa sita. Mpaka adhuhuri zilikuwa kumi na tisa, na Siwema akaenda kufua.

Aliporudi alasiri zilikuwa mia mbili kamili. Akakaa kitandani, akayasoma majina moja moja, akimtafuta mtu anayemjua. Wengi hakuwajua. Karibu na mwisho akalikuta jina la Tunu. Saa nane na robo mchana.

Alilitazama jina hilo muda mrefu. Alikuwa akijilaumu kila siku tangu ile asubuhi ya siku ya nane, na Tunu hakuwahi kumwambia neno, la lawama wala la kumsamehe. Sasa hili hapa. Alijiambia kwamba mtoto amesimamisha kazi yake katikati ya mchana, amemtafuta mama yake, amembonyezea. Alijiambia kwamba ndani ya ile Hongera imo pole, kama watu wa Vifijo walivyozoea kutiliana. Alilia kidogo, akaona nafuu, akaenda kumpikia wali wa nazi.

Tunu alirudi jua likielekea kuzama, akavua viatu mlangoni.

"Nimeliona jina lako," Siwema alisema kutoka jikoni. "Ahsante, mwanangu. Nilijua tu ipo siku utaniambia."

"Jina langu wapi?"

"Jamvini. Kwenye habari yako niliyoitandika. Saa nane na robo."

Tunu alifikiri, akijaribu kukumbuka. Alikuwa akikifikicha kidole gumba cha kulia kwa vidole vya mkono wa pili, kilikuwa kimevimba kwenye kiungo.

"Kumbe ulitandika," alisema. "Basi ulikuwa kwenye orodha, mama. Hatuangalii majina."